Barua Isomwe na Mwenyewe

Katikati ya miaka ya 1970, huko Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, kulikuwa na gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Halikuwa gazeti la wasomi. Lilitengenezwa kwa ajili ya watu waliotoka kujua kusoma juzi tu: wakulima wa pamba, wavuvi, akina mama wa migombani, watu ambao herufi kwao zilikuwa bado na ugeni. Ukilisikia jina hilo kwa haraka utadhani ni kaulimbiu ya serikali, na kaulimbiu siku hizo hazikuwa haba. Mimi nalisikia kama onyo. Mtu amefuzu kisomo jana, na leo, kabla hajapumua, anaambiwa kwamba bado.

Siku hizi usemi huo umehamia kwingine. Unausikia kwenye mahafali, mtu anapokabidhiwa shahada ya pili na mshereheshaji anamhimiza akaitafute ya tatu. Unauona kwenye mabango ya vyuo vya jioni. Kwa hesabu zetu za sasa, kisichokuwa na mwisho ni vyeti. Sina ugomvi na vyeti, vinalisha watu. Lakini waliolipachika gazeti lile jina lile walikuwa na jambo jingine vichwani, na naona ni jambo zito kuliko hili letu.

Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma na kuandika. Miaka mitatu kabla ya hapo, akiwasilisha mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Nyerere alikuwa amelisema wazi: mtoto anayeanza shule leo hataleta mabadiliko katika uchumi kabla ya miaka mitano, kumi, hata ishirini, wazazi wake ndio wanaoweza kubadili mambo sasa. Alikuwa anajua habari za kuchelewa, kwani yeye mwenyewe aliingia Shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka kama 12. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, zikachaguliwa wilaya chache za kufuta ujinga kwanza, Mafia na Ukerewe zikiwamo, kisha kampeni ikaenea nchi nzima.

Serikali iliyazungumza haya kwa lugha ya uchumi, kama serikali zinavyopaswa. Lakini muulize mzee yeyote aliyepita kwenye darasa la ngumbaru alikuwa anatafuta nini. Utasikia habari za barua.

Tuichukue barua ya mume aliyekwenda mkongeni Tanga kuwa manamba. Hajui kuandika, kwa hiyo anamtafuta karani au mwenzake mwenye mkono mzuri, anamwambia ya moyoni, yule anaandika anavyoona inafaa. Barua inasafiri wiki kadhaa hadi kijijini. Mke naye hajui kusoma. Anaipeleka kwa mwalimu wa shule au kwa katekista, anakaa chini, mikono magotini, anasomewa. Kati ya mume na mke wamekaa watu wawili, na wote wawili wanajua mambo ya chumba kisicho chao. Mume akitaka kusema kwamba amemmiss mkewe, kama wanavyosema vijana sasa, atalisemaje mbele ya karani? Mke akitaka kujibu kwamba shemeji anamsumbua, atalisemaje mbele ya katekista, ambaye huenda ni rafiki wa huyo shemeji? Basi barua zikawa na salamu ndefu, habari za mvua, ng'ombe aliyezaa, na fedha zilizotumwa au ambazo hazikutumwa. Mengine yalibaki yalipo.

Hiyo ndiyo hasara ya kutojua kusoma ambayo haimo katika takwimu: mtu mzima asiyekuwa na siri. Na ilikwenda mbali kuliko barua. Kila kitu cha karatasi kilimfikia kupitia kinywa cha mtu mwingine: hati ya deni, stakabadhi ya kodi, hukumu ya baraza. Aliambiwa kilichoandikwa, akaamini, akaweka dole gumba.

Wakulima wa pamba wa Usukuma walilijua hili vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe wapime pamba kabla haijafika kwa mnunuzi. Kutokana na vuguvugu hilo, Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wake, vikazaliwa vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chama kikubwa kuliko vyote vya wakulima Afrika kwa wakati wake. Ukiitazama kwa makini, habari yote ilianza na swali la nani anasoma mshale wa mizani. Si ajabu, basi, kwamba mradi wa majaribio wa kisomo ulioanza mwaka 1968 mkoani Mwanza kwa msaada wa UNESCO haukufundisha herufi kwa vitabu vya watoto. Ulikuwa na vitabu vya pamba, vya migomba, vya uvuvi, vya ng'ombe. Mtu alijifunza herufi katika maneno aliyokwisha kuyatolea jasho.

Darasa lenyewe lilikuwa na mambo yake. Mara nyingi lilikuwa darasa lile lile la watoto, baada ya wao kwenda nyumbani. Madawati yakiwa mafupi, magoti ya mzee yanagota ubao wa chini, wengine wakaona heri kukaa sakafuni au kutoka nje chini ya mwembe. Mama anakuja na mtoto mgongoni na jembe begani, analiegemeza jembe ukutani. Kalamu inashikwa kama mpini. Herufi za kwanza zinakandamizwa mpaka karatasi inatoboka, kwa sababu mkono uliozoea kung'oa visiki haujui kugusa kidogo. Na mbele, kwenye ubao, amesimama nani? Mara nyingi ni kijana aliyemaliza darasa la saba, asiye na ajira, anayejitolea kwa posho kidogo. Huenda ni mtoto wa jirani. Huenda mzee aliyeketi mbele yake aliwahi kumchapa fimbo kwa kuiba maembe.

Hapo ndipo penye bei halisi ya kujifunza ukubwani. Ada si kitu, na muda ni kitu kidogo. Bei ni kukubali kwamba mtoto uliyemfuta kamasi ana kitu ambacho wewe huna, na kumwita mwalimu. Jamii zetu zimejengwa juu ya umri. Mkubwa anajua, mdogo anauliza; mkubwa anaamkiwa, mdogo anaamkia. Methali zetu zenyewe zimeegemea huko: samaki mkunje angali mbichi, udongo uwahi ungali maji. Kwa hesabu ya methali hizo, mwanafunzi wa ngumbaru ni samaki mkavu na udongo uliochomwa. Na kuna jamii ambako mambo ni magumu zaidi. Kwa Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mkaza mwana hawakutakiwa hata kuonana uso kwa uso. Waweke hao katika darasa moja, wote wakisoma silabi kwa sauti, mmoja akikosea na mwingine akisikia. Mtu anayedhani elimu ya watu wazima ilikuwa suala la chaki na vitabu hajayafikiria haya.

Wakati huohuo, pwani tulikuwa na mfano mwingine uliokwisha kulitatua tatizo hili karne nyingi kabla, kwa utulivu. Ni darsa. Ingia msikiti wowote wa Lamu, Mombasa au Unguja baada ya sala ya alasiri, hasa mwezi wa Ramadhani. Sheikh amekaa na kitabu, anasoma kipande cha Kiarabu, anakifasiri kwa Kiswahili, anaeleza, anarudi kwenye kitabu. Waliomzunguka ni mchanganyiko: mvuvi mwenye mvi, kijana wa sekondari, fundi seremala ambaye bado ana vumbi la mbao kwenye nywele, mzee aliyesinzia nusu saa nzima na sasa ameamka na swali gumu kuliko yote. Akina mama nao wana darsa zao. Hakuna mtihani, hakuna darasa la kwanza wala la saba, hakuna mahafali. Mtu anaweza kukaa katika darsa miaka 40 na asiulizwe amefika wapi. Sheikh naye, ukimfuatilia, ana sheikh wake, na hakuna anayeona kwamba hilo linampunguzia heshima. Kampeni ya serikali ililazimika kupambana na aibu kwa mabango na redio. Darsa haikuwa na haja hiyo, kwa kuwa pale kujifunza hakukuwahi kutenganishwa na utu uzima.

Na kuna kujifunza kusiko na herufi hata moja. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia duni iliyofinyanga vyungu. Aliingia mjini mwaka 1911, mwanamke wa miaka kama 30, asiyejua kusoma, kwa desturi za wakati huo mtu ambaye mambo yake yamekwisha kupangwa. Hapo ndipo alipofunzwa kuimba kwa ala na wanamuziki wa taarabu, mtindo ambao hadi wakati huo ulikuwa wa majumba ya wakubwa na ukiimbwa kwa Kiarabu. Akaupokea, akautia Kiswahili, akaingiza ndani yake habari za mitaa ya Ng'ambo na dhuluma za mahakamani. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Sijui kama kuna shule ambayo ingempokea Siti wa mwaka 1911. Nina hakika hakuna ambayo ingemwahidi Bombay.

Turudi bara. Kampeni iliendelea kwa nguvu ambayo leo ni vigumu kuiamini. Mwaka 1973 Radio Tanzania ilirusha vipindi vya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 wakajiunga katika vikundi vya kusikiliza. Kikundi kinakusanyika, kinasikiliza, kinasoma kijitabu, kinajadiliana, kisha kinainuka na majembe kwenda kuchimba vyoo, kufyeka nyasi na kufukia mashimo yenye maji ya mbu. Ukimaliza somo mikono inakuwa na malengelenge. Mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa taifa wa kisomo, ikafuata mingine, na mwaka 1986 ikatangazwa kwamba watu wazima waliojua kusoma na kuandika walikuwa wamezidi asilimia 90.

Sensa ya mwaka 2012 ilikuta asilimia 78 hivi.

Zimetolewa sababu nyingi, na nyingi ni za kweli. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikausha hazina. Karatasi ikawa adimu, magazeti ya vijijini yakafifia, maktaba za vijiji zikabaki makabati ya panya. Baadaye yakaja masharti ya wakopeshaji, na watoto wengi wakakosa shule. Namna ya kupima nayo haikuwa moja. Mitihani ya kampeni ilikuwa na hamu ya kufaulisha. Yote hayo nayakubali. Ila sababu inayonigusa zaidi ni ile ndogo: mtu aliyejifunza kusoma, kisha akakaa miaka bila kitu cha kusoma, anarudi alikotoka. Herufi hazikai kichwani kwa hisani. Gazeti lile lilikuwa na haki ya kuonya.

Na hata aliyebaki na herufi zake alikuja kukuta dunia imehama. Chukua malaria. Mtu aliyejua kuitibu familia yake kwa klorokwini, akajua dozi ya mtoto na ya mtu mzima, akajua mpaka ule mwasho unaomfanya mtu ajikune kwenye ukuta usiku kucha, aliambiwa mwaka 2001 kwamba dawa hiyo imeshindwa, vijidudu vimeizoea, sasa ni SP. Hakuwahi kuizoea SP vizuri, mwaka 2006 nayo ikaanza kuwekwa kando, ikaja dawa mseto, vidonge vingi zaidi, vya siku tatu, vinavyotaka chakula chenye mafuta. Katika miaka mitano ujuzi wake ulikuwa umepitwa mara mbili, wala hakukuwa na kosa lake hata moja. Aliyeshikilia alichojifunza ujanani aliendelea kumpa mtoto dawa iliyokufa.

Kisha ikaja simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na katika muda mfupi fedha za vijijini zikahama kutoka kwenye bahasha na chini ya godoro zikaingia kwenye kitu chenye vitufe. Bibi aliyepata cheti chake cha kisomo miaka ya 1970, aliyejivunia kusoma barua zake mwenyewe, sasa anampa mjukuu simu: "Hebu nitazamie, mwanangu, wameandika nini?" Mjukuu anasoma. Mjukuu anajua salio. Mjukuu anajua namba ya siri, ambayo kwa hiyo si ya siri tena. Siku moja unaingia ujumbe, ile hela tuma kwenye namba hii, na kwa kuwa bibi kweli alikuwa anasubiri kutuma hela kwa mtu, na kwa kuwa aliyesoma ni mtoto mwenye haraka ya kurudi mpirani, hela inakwenda. Katekista na karani wamerudi, safari hii wamevaa sare za shule.

Kwa sababu hiyo huwa naona habari ya Kimani Maruge wa Kenya inasimuliwa vibaya. Mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya serikali ya Kibaki kufuta ada za shule za msingi, mzee huyu aliyekuwa mpiganaji wa Mau Mau aliingia darasa la kwanza Eldoret akiwa na miaka 84, kaptula, soksi ndefu na fimbo ya kutembelea. Dunia ikamfurahia, akaingizwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness, akapelekwa New York, baada ya kifo chake ikatoka filamu. Alipendeza kupigwa picha. Lakini alisema mwenyewe alichokifuata: alitaka kusoma Biblia kwa macho yake, kwa kuwa hakuwa na uhakika kama wahubiri wanaisema ilivyo, na alitaka kujua hesabu ili fidia ya wapigania uhuru ikija, asipunjwe. Hayo si maneno ya babu wa kuchekesha watoto. Ni hoja ya wakulima wa pamba wa Usukuma, miaka 50 baadaye.

Nimewasema wasiosoma, sasa waliosoma, na hapa sitakawia, kwa kuwa kila msomaji anawajua. Kuna daktari, mwalimu, mhandisi, afisa, ambaye kitabu cha mwisho alichokimaliza kilikuwa cha mtihani. Huyu hana dole gumba la wino, lakini naye anaambiwa yaliyoandikwa. Wenye mamlaka wanalijua tatizo, ndiyo maana wauguzi na madaktari wetu hutakiwa kuonyesha wamejiendeleza ili leseni zihuishwe. Ni jambo jema, hata kama wakati mwingine linaishia kwenye ukumbi wa hoteli: kitini, chai ya saa nne, sambusa, usingizi wa mchana, karatasi ya kusaini posho. Nimeona watu wakisaini hiyo kwa umakini kuliko walivyosoma chochote siku nzima. Tofauti ya mtu huyu na mama wa jembe ukutani ni kwamba mama alikuja akijua kitu gani hakijui. Hakuna anayejifunza akiwa anadhani amekwisha.

Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima bado ipo Tanzania, na madarasa yapo, ingawa hayana tena redio nzima nyuma yake. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii kwa sasa haiko kwenye taasisi. Iko sebuleni na jikoni, kwa kuwa walimu wa darasa la saba wa leo ni sisi, watoto na wajukuu, na huwa tunaikwepa kwa kisingizio cha mapenzi: "Lete nikufanyie, mama, usijisumbue." Dakika moja imekwisha, mama hajajua kitu, na kesho atarudi tena kuomba.

Basi safari ijayo mama akikuletea simu umtumie hela, mrudishie mkononi. Keti naye. Mwache akosee, afute, akosee tena, hata kama chai inapoa na wewe una haraka zako. Akifika kwenye namba ya siri, geuza uso pembeni aibonyeze mwenyewe, na kama namba hiyo unaijua, mwombe aibadilishe leo.